NANI ALIOA, NANI ALIOLEWA? Harusi ya KwaDukuza na Historia ya Mila Zilizochanganywa

1. Utangulizi

Mnamo mwezi wa Aprili mwaka 2013, nilipokuwa mhadhiri msaidizi nikifundisha mnyambuliko wa vitenzi, mwanafunzi mmoja aliniletea gazeti lenye habari ya harusi iliyofanywa Afrika Kusini. Wanaume wawili, mmoja Mzulu na mwenziwe Mtswana, walikuwa wamefunga ndoa mbele ya jamaa na marafiki kwa mavazi na ngoma za jadi. Somo letu siku ile lilikuwa kauli ya kutendwa, na mfano niliouandika ubaoni ulikuwa ule ule ambao walimu wa Kiswahili wameutumia tangu zamani: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanafunzi yule akauliza, "Mwalimu, hapa basi nani alioa, na nani aliolewa?" Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka pamoja nao, kisha nikaendelea na somo bila ya kumjibu.

Makala haya ni jaribio la kulipa deni lile. Tunakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba harusi ile, ambayo magazeti mengi yaliiita ya kwanza ya aina yake barani Afrika, ilikuwa na watangulizi wake katika historia ya nchi ile ile. Pili, kwamba mila zilizochanganywa siku ile zilikuwa zimekwisha kuchanganywa na kubadilishwa mara nyingi hapo nyuma, na wengine waliozibadilisha walikuwa maafisa wa kikoloni. Tatu, kwamba lugha za Kibantu zenyewe zinahifadhi ushahidi unaostahili kusikilizwa katika mjadala huu, ingawa ushahidi huo hausemi yote ambayo pande mbili zinazobishana zingependa useme.

2. Mahali na siku

KwaDukuza ni mji ulioko kaskazini ya Durban, katika jimbo la KwaZulu-Natal. Ndipo Shaka alipokuwa na makao yake makuu ya mwisho, na ndipo alipouawa mwaka 1828 na ndugu zake, Dingane na Mhlangana. Waingereza waliuita mji huo Stanger. Kwa Wazulu, basi, hapa si mahali hivi hivi tu. Ni mahali pa kaburi na kumbukumbu, ambapo watu hukusanyika kila mwezi wa Septemba kumkumbuka mfalme huyo.

Katika mkusanyiko wa namna hiyo hapo hapo KwaDukuza, mwezi wa Septemba mwaka 2006, Jacob Zuma, ambaye wakati huo alikuwa makamu wa rais wa chama cha ANC, aliwaambia watu kwamba ndoa za jinsia moja ni aibu kwa taifa na kwa Mungu. Katika maneno yake alitumia neno la Kizulu ungqingili, ambalo ni tusi, akieleza kuwa katika ujana wake mtu wa namna hiyo asingethubutu kusimama mbele yake. Siku chache baadaye aliomba radhi. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutamkwa, na lilitamkwa mahali ambapo Wazulu huenda kuambiwa wao ni nani.

Tarehe 6 Aprili 2013, chini ya miaka saba baadaye, vijana wawili wenye umri wa miaka 27 walisimama katika ukumbi wa mji huo huo mbele ya wageni wapatao 200, wamevaa mavazi ya Kizulu, wakaoana. Walitangaza pia kwamba wangeyaunganisha majina ya koo zao mbili kuwa jina moja. Mtu asiyejua yaliyosemwa hapo mwaka 2006 aweza kuiona harusi hii kama sherehe tu. Anayeyajua huona kwamba mahali penyewe palikuwa ni sehemu ya jibu.

3. Maneno ya ndoa

Kabla ya kuitazama historia, inafaa tuyatazame maneno, kwa kuwa anayepanga harusi ya mila mbili hupanga kwanza maneno: jambo gani litaitwaje, na nani atalitenda.

Katika Kizulu, posa hupelekwa na abakhongi, yaani washenga, nao hujadiliana juu ya ilobolo na jamaa wa binti. Baadaye hufuata umembeso, ambapo upande wa bwana huwapelekea jamaa wa bibi mablanketi na zawadi nyingine. Neno hili latokana na kitenzi chenye maana ya kumvika au kumfunika mtu nguo. Kisha huja umabo, ambapo bibi arusi naye huwagawia jamaa wa bwana zawadi zake. Kitenzi kilichozaa umabo ni -aba, nacho ni ndugu wa -gawa ya Kiswahili. Kwa hivyo zawadi huenda na kurudi: upande mmoja huvika, upande wa pili hugawa. Zaidi ya yote, hapana ndoa isiyopelekwa kwa amadlozi, yaani wahenga, ili wajulishwe nani ameingia katika ukoo.

Kwa Watswana, maombi ya ndoa huitwa patlo, kutokana na kitenzi cha kutafuta, na mifugo ya ndoa huitwa bogadi. Isaac Schapera, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya sheria na desturi za Watswana, alieleza kwamba bogadi haijadiliwi kwa bei. Upande wa bwana ndio hukadiria idadi. Hapa msomaji ataliona tatizo la kwanza la harusi ya Mzulu na Mtswana, wawe wa jinsia yoyote ile. Jamaa mmoja hutarajia mashauriano marefu ya hesabu, na jamaa wa pili huenda wakaona kuwa hesabu hiyo ni utovu wa adabu. Wanandoa wa mila mbili hulazimika kutafuta mwafaka kabla hata ya kufikia swali la nani ni bwana na nani ni bibi.

Swali hilo la pili ndilo aliloliuliza mwanafunzi wangu. Kiswahili hugawa kazi kwa kauli: kuoa ni kutenda, kuolewa ni kutendwa, na desturi imempa mwanamume kauli ya kwanza na mwanamke kauli ya pili. Mtu akidhani kwamba mgawanyo huu umo katika maumbile ya Waafrika wote, na achunguze Kizulu. Katika Kizulu kikongwe, binti ndiye atendaye: yeye huagana na kwao na ku-gana, na mwanamume ndiye anayetajwa kwa kauli ya kutendwa, -ganwa. Yaani, kwa tafsiri ya neno kwa neno, Mzulu huolewa na mkewe. Pamoja na hayo kipo kitenzi -thatha, cha kutwaa, ambacho humhusu mwanamume, na -shada, ambacho hutumika kwa wote wawili. Kitswana nacho kina -nyala na -nyalwa, zinazofanana na oa na olewa za kwetu. Lugha tatu za ukoo mmoja, basi, zimeligawa tendo lile lile kwa njia mbalimbali. Sarufi haituambii nani kwa maumbile ni mtenda; hutuambia tu jinsi jamii fulani ilivyoamua kulisimulia tendo hilo.

Tena yako majina ya udugu. Ndugu wa kiume wa mama, ambaye kwetu ni mjomba, Wazulu humwita umalume na Watswana malome. Neno hili lina mama ndani yake, pamoja na shina lile lile la -ume: ni mama mwanamume. Vivyo hivyo shangazi ni ubabekazi, baba wa kike. Mzee yule yule anayeketi katika patlo na kupokea sehemu yake ya mifugo kwa niaba ya upande wa mama, anaitwa mama naye ana ndevu. Hatusemi kwamba wahenga walioyaunda maneno haya walikuwa wakifikiria ndoa za jinsia moja. La hasha. Tunasema tu kwamba waliweza, bila ya wasiwasi wowote, kutenga wadhifa wa mtu katika ukoo na umbile la mwili wake.

4. Watangulizi: migodini na Mkhumbane

Nilipokuwa ng'ambo kwa masomo ya shahada ya uzamili, nilikutana maktabani na makala ya Ronald Louw, aliyekuwa mwanasheria katika Chuo Kikuu cha Natal, yaliyochapishwa mwaka 2001. Louw alikusanya masimulizi ya wazee kuhusu Mkhumbane, mtaa wa vibanda wa Cato Manor mjini Durban. Katika miaka ya 1950 wanaume waliopendana walifanya harusi huko mbele ya majirani. Yaani zaidi ya miaka hamsini kabla ya ukumbi wa KwaDukuza. Katika harusi hizo mambo ya Kizulu yalichanganywa na mambo ya Kikristo: palikuwa na mavazi ya jadi, na palikuwa pia na gauni jeupe la arusi. Aliyekuwa mume aliitwa iqenge. Waliosherehekea walikuwa watu wa mtaa ule ule, na wengi wao hawakuwa wapenzi wa jinsia moja.

Mkhumbane haikuvunjwa na wazee wa mila. Ilivunjwa na serikali ya ubaguzi wa rangi, ambayo kuanzia mwaka 1958 iliwahamisha watu kwa nguvu na kuwapeleka KwaMashu na Umlazi. Wanawake wa mtaa huo waliandamana mwaka 1959 dhidi ya vilabu vya pombe vya manispaa; Januari 1960 polisi tisa waliuawa huko. Katika misukosuko hiyo, mtaa uliojua kuishi na harusi hizo ulitawanywa, na kumbukumbu zake zikatawanyika pamoja nao. Ndiyo sababu mwaka 2013 mwandishi wa gazeti aliweza kuandika "ya kwanza" bila ya kusahihishwa na mtu.

Nyuma zaidi ya Mkhumbane kuna migodi ya dhahabu ya Witwatersrand. Mwaka 1907 serikali ya Transvaal iliamuru uchunguzi ufanywe juu ya uhusiano wa wanaume katika makambi ya wachimbaji, na mmisionari Henri-Alexandre Junod aliueleza uhusiano huo katika kitabu chake cha mwaka 1912 juu ya Watsonga. Mchimbaji mzoefu alimchukua kijana kuwa "mke" wake wa kambini. Kijana alipika, akafua, akalala naye, naye alipewa zawadi na fedha. Junod anasimulia kwamba pengine ilifanywa karamu, mbuzi akachinjwa, na fedha zikatolewa kama lobola kwa kaka wa kijana. Watafiti wa baadaye, kama T. Dunbar Moodie na Patrick Harries, wameonyesha kwamba vijana wengi walizitumia fedha hizo kulipa mahari za wake zao huko nyumbani, na wengine, wakiisha kukua, wakawa waume wa kambini wao wenyewe.

Hapa mwanahistoria hana budi kuwa mwangalifu. Makambi yale yalikuwa ni ya wanaume waliotengwa na jamaa zao kwa mikataba ya kazi, na baadhi ya vijana walikuwa wadogo, wasio na uwezo wa kukataa. Ndoa ya migodini haiwezi kuitwa babu wa harusi ya watu wazima wawili waliochaguana kwa hiari. Ushahidi wake ni wa namna nyingine: wachimbaji wale, walipotaka kuupa uhusiano wao sura ya halali, hawakuazima sura hiyo kwa wazungu. Waliitafuta katika mila zao, wakapata mbuzi, lobola na kaka wa kupokea.

5. Mila na sheria

Wapinzani wa harusi ya KwaDukuza husema kwamba mila haikuandikwa ili mtu aichezee. Hoja hii ina uzito, na tutairudia. Lakini yafaa tuulize: mila ipi? Ng'ombe kumi ambao watu wengi wa Natal huwataja leo kuwa ndiyo ilobolo ya wahenga, waliwekwa kwa kanuni mwaka 1869, wakati wa Theophilus Shepstone, afisa wa kikoloni aliyesimamia mambo ya Waafrika. Shepstone alitaka hesabu inayoweza kuamuliwa mahakamani. Kizazi baada ya kizazi, kanuni ya afisa ikawa urithi wa mababu.

Sheria ya siku zetu ina safari yake. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, katika kifungu cha 9, ilikataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Kifungu hicho hakikuanguka kutoka mbinguni. Kilipiganiwa na watu kama Simon Nkoli, aliyeshtakiwa kwa uhaini chini ya serikali ya makaburu, na ambaye mwezi wa Oktoba 1990, yeye na Bev Ditsie pamoja na wenzao, waliongoza maandamano ya kwanza ya fahari mjini Johannesburg. Mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ilifuta sheria zilizofanya mapenzi ya wanaume kuwa jinai. Tarehe 1 Desemba 2005, katika shauri la Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, mahakama hiyo hiyo, kwa hukumu iliyoandikwa na jaji Albie Sachs, ililipa bunge miezi kumi na miwili kurekebisha sheria ya ndoa. Tarehe 14 Novemba 2006 wabunge 230 walikubali na 41 wakakataa. Nchi hiyo ikawa ya tano duniani, na hadi leo ni ya pekee barani Afrika, kuruhusu ndoa hizo.

Lakini msomaji azingatie ni sheria gani iliyopitishwa. Ndoa za mila zina sheria yake, ya mwaka 1998, ambayo hutaka ndoa iwe imejadiliwa na kufungwa au kusherehekewa kwa kufuata desturi. Masharti yake makuu hutaja wanandoa tu, ilhali vifungu vyake vingine huzungumza juu ya mume na mke. Sheria ya mwaka 2006 ni nyingine kabisa, nayo haidai mshenga wala mjomba. Kwa hiyo serikali yaweza kuwapa wanaume wawili cheti. Haiwezi kuwapa umalume anayekubali kuketi mkekani. Hapo ndipo palipo kiini cha jambo hili. Waliokwenda KwaDukuza hawakuwa wakitafuta ruhusa ya dola, kwani walikuwa nayo tangu mwaka 2006. Walikuwa wakitafuta ukoo.

6. Ubishi wa wazee

Baraza la Taifa la Viongozi wa Jadi liliupinga mswada wa mwaka 2006. Januari 2012, katika kumbukumbu ya vita vya Isandlwana, magazeti yaliripoti kwamba Mfalme Goodwill Zwelithini aliwaita wapenzi wa jinsia moja watu waliooza. Nyumba ya kifalme ikajibu kwamba maneno yake yalitafsiriwa vibaya. Sisi watu wa lugha tunajua jinsi neno moja la Kizulu, likipitia kwa mfasiri mwenye haraka, linavyoweza kuzua vita. Hata hivyo, hakuna mfasiri anayeweza kulaumiwa kwa yote. Mwaka 2008 Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya kandanda ya wanawake, aliuawa huko KwaThema. Katiba ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi.

Hoja ya wazee kwa ubora wake ni hii: ndoa ya Kiafrika ni mapatano ya koo mbili, nayo ina shabaha ya uzazi na jina, watu wawili hawana haki ya kuigeuza wapendavyo. Wajibu wetu ni kuijibu hoja hii kwa ushahidi, si kwa dharau. Malkia wa mvua wa Walovedu, Modjadji, kama walivyoeleza Eileen na Jack Krige mwaka 1943, alikuwa na wake aliotolewa na koo zilizotaka ushirika naye. Hapa kwetu Kenya, miongoni mwa Wanandi, Wakamba na Wakisii, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aliweza kumwoa mwanamke mwenzake kwa ng'ombe ili apate mrithi, na mwaka 2011 Mahakama Kuu iliyokaa Mombasa ilikubali haki ya urithi iliyotokana na ndoa ya namna hiyo. Wanawake hao hawakuoana kwa ajili ya mapenzi ya kimwili, na anayewatumia kuthibitisha jambo hilo anawasingizia. Wanathibitisha jambo jingine: kwamba katika mila, "mume" ulikuwa ni wadhifa, na wazee waliweza kumpa wadhifa huo mtu asiye mwanamume, koo zilipoona haja.

Basi neno lililo la mwisho katika mila ni haja na idhini ya ukoo. Hilo wazee wanasema kweli. Ila likikubaliwa, linakata pande zote mbili. Ukoo ukikataa, sherehe haiwi ndoa ya mila hata ikipambwa kwa ngozi za chui. Na ukoo ukikubali, ukachoma impepho na kuwajulisha amadlozi, ni nani mwingine aliye na mamlaka ya kuwaambia wahenga wa watu wasisikie?

Si lazima nimkumbushe msomaji wa hapa kwamba sheria yetu ina njia nyingine. Katiba yetu ya mwaka 2010 na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 huitaja ndoa kuwa ya mume na mke, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya jinai tulivyorithi kwa Waingereza. Nasi pia tuna maneno yetu. Shoga, ambalo baina ya wanawake lilikuwa na bado ni neno la usuhuba, katika vinywa vingine limegeuka kuwa jiwe la kutupia watu. Kazi ya mwalimu wa lugha si kutunga sheria. Lakini ni kazi yake kujua neno limetoka wapi kabla halijarushwa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba harusi ya KwaDukuza ilitanguliwa na harusi za Mkhumbane. Kwamba hata ilobolo iliyohesabiwa kuwa ya kale ilipitia mkononi mwa afisa wa kikoloni. Na kwamba lugha zetu hazikubaliani juu ya nani ni mtenda katika ndoa. Lililobaki ni swali la mwanafunzi wangu.

Katika mnyambuliko wa kitenzi kipo kiambishi ambacho siku ile sikukifikia, kwa kuwa somo lake lilikuwa la wiki iliyofuata. Ni -an-, cha kutendana, nacho kimo katika Kiswahili, katika Kizulu na katika Kitswana, urithi wa lugha mama ya zote tatu. Mwalimu mwenye kujua sarufi yake angalimjibu kijana yule palepale, bila ya kicheko: hakuoa mmoja akaolewa wa pili, walioana. Jibu hilo lilikuwamo katika lugha yetu wakati wote. Nilicheka kwa sababu darasa lilicheka, na yule aliyeuliza, naona leo, hakuwa akicheka.